Ua Lililokuwa Kwenye Pakiti ya Wanga

Kabla sijaliona ua la katakuri kwa macho yangu, nilikuwa nimeshapika kwa jina lake miezi mitano. Nilifika Japani Oktoba 2014 kusoma sayansi ya chakula katika chuo kimoja mkoani Saitama, na jiko la pamoja la bweni letu halikukosa pakiti iliyoandikwa katakuriko, yaani unga wa katakuri, ambao mwenzangu wa chumba cha jirani alinifundisha kuviringishia vipande vya kuku kabla ya kuvitumbukiza kwenye mafuta. Siku moja, nikingoja mafuta yapate moto, niligeuza pakiti nikasoma maandishi madogo ya nyuma na kukuta kiambato ni kimoja tu: viazi mviringo. Niliuliza katakuri basi ni kitu gani. Mle jikoni walikuwamo Wajapani watatu. Wote walijua ni ua la porini, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuliona.

Nilikuja kuelezwa kwamba katakuri huota katika misitu inayopukutisha majani, kwamba ana kitunguu cheupe chembamba kilichozama sana ardhini, na kwamba zamani watu walikichimba kitunguu hicho, wakakiponda na kukikamua wanga. Kazi ilikuwa kubwa na unga ulikuwa kiduchu, kwa hiyo kilimo cha viazi kilipostawi Hokkaido wanga ukahamia kwenye viazi, na jina likabaki kwenye pakiti kama kibao cha duka lililokwisha kufungwa. Habari hiyo ilinigusa kwa sababu mimi ni mtoto wa Makete. Kwetu, juu kwenye uwanda wa Kitulo ambao watu huuita Bustani ya Mungu, okidi za mwituni zimechimbwa miaka mingi kwa ajili ya viazi vyake, ambavyo husagwa na kupikwa chikanda, na mzigo mkubwa huvuka mpaka kwenda Zambia. Nimekua nikiona magunia yale yakipakiwa, wala sikuwahi kujiuliza ua lenyewe lina sura gani. Hifadhi ya taifa ilitangazwa huko mwaka 2005, nikiwa sekondari, na hata hapo sikupanda kwenda kutazama. Nilikwenda kuona maua ya porini kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikiwa mbali na nyumbani, tena kwa kushawishiwa na pakiti ya wanga.

Safari ya kwanza ilikuwa mwishoni mwa Machi 2015. Nilipanda treni ya Tobu Tojo hadi Ogawamachi, nikatembea zaidi ya nusu saa kufuata vibao, nikafika kwenye mteremko wa mlima unaotazama kaskazini ambapo katakuri hukua kwa maelfu. Mbingu zilikuwa zimefunga. Nilichokiona kwenye mteremko ule ni vikonyo vyekundu vyekundu vilivyoinamisha vichwa, kila kimoja kikiwa na kitu kilichofungwa kama mwavuli uliokunjwa, chenye rangi ya zambarau iliyofifia. Nilidhani yamenyauka. Nilizunguka nusu saa nikipiga picha ambazo baadaye nilizifuta zote, hadi mama mmoja mzee aliyevaa buti za mpira, ambaye alikuwa ananitazama kwa huruma kwa muda, alinisogelea na kuniambia polepole, ili nimwelewe, "Leo hayafunguki. Hakuna jua."

Nilimshukuru nikamwita obaasan, kwa maana kwetu kumwita mwanamke wa umri ule bibi ndiyo heshima yenyewe. Alicheka, ila si sana. Baadaye mwenzangu wa bweni alinionya kwamba kwa Wajapani wengi mwanamke usiyemfahamu hupewa jina hilo kwa hatari yako mwenyewe, nami tangu siku hiyo nikazoea kumwita kila mtu kwa jina lake la ukoo na kuongeza san, hata kama sauti ya mama yangu kichwani ilikuwa inanigombeza kwa kukosa adabu.

Nilirudi siku tatu baadaye, jua likiwa limewaka tangu alfajiri. Saa tatu asubuhi bado maua yalikuwa yamefumba. Nilikaa juu ya jiwe nikinywa chai ya chupa. Kadiri mteremko ulivyopata joto, petali sita za kila ua zilianza kuachana nchani, zikanyooka pembeni, kisha zikaendelea kujikunja kwa nyuma hadi ncha zake zikakaribia kugusana juu ya kikonyo, ua lenyewe likiwa bado limetazama chini. Kufika saa tano mteremko mzima ulikuwa umegeuka rangi. Kwa kuwa ua limeinama, anayetaka kuona ndani hana budi kulala chini, nami nililala. Ndani, karibu na shina la petali, mna mstari wa zambarau iliyokolea uliochorwa kwa pembe kali kama herufi W, ukizunguka ua zima bila kukatika, na stameni zenye vichwa vya zambarau iliyokolea zinaning'inia kutoka katikati. Nilikaa hapo tumboni, kidevu kwenye majani makavu, muda mrefu kuliko ninavyoweza kukiri bila aibu.

Ni katika kulala huko nilipofanya kosa ambalo lilinifundisha zaidi ya maua yenyewe. Nilikuwa nimevuka kamba. Haikuwa kamba ya maana, ilikuwa uzi tu uliofungwa kwenye vijiti kimo cha kifundo cha mguu, na upande wa pili wa uzi ule hapakuwa na ua hata moja, palikuwa na majani tu, kwa hiyo nilijiambia hakuna ninachokiharibu. Mzee mmoja mwenye kofia alisimama juu yangu na kunyoosha kidole kuelekea kwenye goti langu. Sikuelewa. Akainama, akainua goti langu kwa mkono wake mwenyewe kama mtu anayeinua kuku aliyeatamia, akanionyesha jani moja la kijani lenye mabaka ya rangi ya damu ya mzee, lililolala bapa, na pembeni yake vijiuzi vitano au sita vya kijani, vyembamba kama vitunguu vinavyoota kitaluni. Vile vijiuzi, alisema, ni katakuri wa mwaka wa kwanza. Lile jani ni la miaka kadhaa. Katakuri akiwa bado hajafikia umri wa kuchanua hutoa jani moja tu kila mwaka, huliweka juani kwa wiki chache, hulishusha chini nguvu yake na kulipoteza. Mwaka atakaotoa majani mawili ndio mwaka wa ua, na kutoka mbegu hadi hapo hupita miaka saba au minane. Mimi nilikuwa nimelalia shule ya chekechea.

Niliomba radhi kwa kuinama mara nyingi kuliko inavyohitajika. Mzee hakunikemea, aliniuliza ninatoka wapi, na kama Jumapili huwa nina kazi.

Ndivyo nilivyoingia katika kikundi cha kufyeka. Haukuwa mteremko ule wa Ogawamachi bali msitu mwingine mdogo, upande wa magharibi wa mkoa, ambako mzee huyo, ambaye wote tulimwita Kaicho, yaani mwenyekiti, aliongoza watu kama 15, wengi wao wakiwa wamevuka miaka sabini. Kazi ilikuwa majira ya baridi, Novemba hadi Februari, wakati ambao hakuna ua hata moja la kutazama. Nilipofika mara ya kwanza nikakabidhiwa mundu, nilijisikia nipo nyumbani. Hicho ni kifaa ninachokijua tangu utotoni. Nikaanza kuikata kwa kasi ya kijijini mianzi mifupi ambayo kwa Kijapani huitwa "sasa", nikajipanga mbele ya wazee wote, mpaka Kaicho alipopita nyuma yangu akivigusa visiki nilivyoacha, kila kimoja kimechongoka kama sindano. Hukatwa sambamba na udongo, alinieleza, la sivyo kisiki hutoboa buti ya anayefuata. Nilirudia mstari mzima.

Kwetu kufyeka ni mwanzo wa shamba. Unafyeka ili kilichokuwapo kiondoke. Hapo tulifyeka ili kilichokuwapo kirudi, na ilinichukua baridi nzima kuelewa inawezekanaje. Misitu ya vilima vile ni ya mialoni, na kwa karne nyingi wanakijiji waliikata kwa zamu, kila baada ya miaka kama 15 au 20, kwa ajili ya kuni na mkaa, kisha visiki vikachipua upya. Majani yaliyodondoka waliyakusanya kila baridi kutengeneza mboji ya mashambani. Kwa hiyo sakafu ya msitu ilibaki wazi, na mwanzoni mwa machipuko, kabla mialoni haijatoa majani, jua lilifika hadi chini kwa wiki kadhaa. Katakuri na maua mengine ya aina yake huishi kwa dirisha hilo: huamka, huchanua, hutoa mbegu na kutoweka juu ya ardhi kabla kivuli hakijafunga. Miaka ya 1960 gesi na mafuta ya taa viliingia majikoni na mbolea ya dukani ikaingia mashambani. Hakuna aliyekuwa na haja tena ya kuni wala majani. Mianzi ikapanda hadi kumpita mtu kimo, miti isiyopukutisha majani ikajipenyeza, dirisha likafungwa. Maua yaliyoitwa ya porini kumbe yalikuwa yakiishi kwa jasho la watu, na walipoacha kulitoa yakaanza kutoweka.

Wakati wa chai tulikaa juu ya maturubai ya buluu tukila figili za kuloweka na machenza. Huko ndiko nilikosikia habari za sisimizi. Mbegu ya katakuri ina kinofu chenye mafuta ambacho sisimizi hukipenda. Huibeba nzima hadi kwenye shimo lao, hula kinofu na kuitupa mbegu, na hapo mbegu imesogea hatua moja au mbili. Hesabu mwenyewe: hatua moja au mbili, halafu miaka minane ya kungoja. Msitu ukishapoteza katakuri wake, hakuna atakayewarudisha kutoka kilima cha pili katika uhai wa mtu.

Maua mengine niliyafuata kwa mtindo uleule wa kukosea kwanza. Kuna ua dogo jeupe liitwalo setsubunso, lililopewa jina la setsubun, siku ya mwanzoni mwa Februari ambayo Wajapani hutupa maharage kufukuza mashetani. Nami, kwa kuliamini jina, niliomba ruhusa maabara tarehe 3 Februari 2016, nikaenda hadi Seibu-Chichibu, nikapanda basi kuelekea eneo la Ryokami katika mji wa Ogano, nikakuta udongo mkavu umegandiwa na baridi na hakuna mtu isipokuwa mbwa. Bonde la Chichibu lina baridi kali. Huko setsubunso huchanua mwishoni mwa Februari hadi katikati ya Machi, na jambo hilo linajulikana na kila mtu isipokuwa wageni wanaosoma kamusi. Niliporudi Machi nililiona: halifiki kimo cha kidole changu cha kati, petali zake nyeupe kumbe si petali, na petali za kweli ni vile vijiti vya njano vyenye utamu vinavyozunguka katikati pamoja na stameni za zambarau ya buluu. Tangu hapo sikuamini tena tarehe ya ua lolote kabla ya kumpigia simu mtu wa mahali husika. Ofisi za utalii za miji midogo hujibu maswali hayo kwa uvumilivu wa ajabu. Ukiuliza kama ua limefunguka watakuambia limefunguka sehemu tatu katika kumi, na watakushauri usubiri hadi Alhamisi.

Oze nilichelewa. Ni bonde la kinamasi lililoko mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, kaskazini mwa Tokyo, ambalo mwaka 2007 lilikatwa kutoka hifadhi ya Nikko likawa hifadhi ya taifa inayojitegemea, na umaarufu wake mkubwa ni mizubasho, ua jeupe linalochomoza theluji inapoyeyuka, mwisho wa Mei na mwanzo wa Juni. Mimi nilipata nafasi wiki ya mwisho ya Juni 2017. Nilikwenda kwa basi la usiku, nikateremka alfajiri kwenye pito la mlimani la Hatomachi pamoja na wastaafu waliovaa kengele za kufukuza dubu, tukakanyaga mkeka wa kusugua soli ili tusiingize mbegu za kigeni, tukashuka msituni kwa saa nzima hadi kinamasini. Pale palipopaswa kuwa na maua meupe palikuwa na majani makubwa mno, mengine yakifika kiunoni. Mwenzangu wa njiani alisikitika kwa niaba yangu. Mimi sikusikitika sana, kwa sababu ghafla nililifahamu jina: basho ni mgomba, mizu ni maji. Mgomba wa maji! Na kwa ukoo mmea huo si mgomba hata kidogo, ni ndugu wa magimbi, na mtoto yeyote wa kwetu angeuona uso wa ndugu huyo bila kuambiwa.

Njia yote ya Oze ni ya mbao, safu mbili sambamba, na watu hupita upande wa kulia. Kabla ya mbao hizo watalii walitembea juu ya kinamasi chenyewe. Sehemu ya juu iitwayo Ayamedaira ilikanyagwa hadi ikabaki udongo mtupu, na kazi ya kuirudishia uoto iliyoanza miaka ya 1960 haijaisha, kwa kuwa tabaka la mimea iliyolala ndani ya maji baridi bila kuoza huongezeka kwa chini ya milimita moja kwa mwaka. Unyayo mmoja unaozama sentimita kumi unakanyaga miaka zaidi ya mia. Nililikumbuka goti langu. Huko pia hakuna mapipa ya takataka. Tangu 1972 watu waliombwa warudi na taka zao nyumbani, nami nilirudi hadi bwenini na maganda ya mayai mfukoni. Chakula cha vibanda vya kulala wageni hubebwa na wapagazi, mgongoni, masanduku yamepangwa hadi kupita kichwa, mzigo wa kilo 70 na hata zaidi. Mmoja alipotupita akitembea polepole bila kuinua macho, nilisimama pembeni nikamwamkia kwa heshima niliyokuwa nawapa wagumu wa Kilimanjaro. Kinachowatia watu wa Oze hofu sasa ni paa, ambao tangu miaka ya 1990 wamepanda hadi huko na kula yale maua ya njano ya Julai, nikkokisuge, yangali machanga. Niliziona nyavu za kuwazuia. Hazipendezi kwenye picha, na walioziweka wanalijua hilo.

Higanbana, ua jekundu la Septemba, sijui kama nilihesabu kuwa la porini. Niliyaona Kinchakuda, mji wa Hidaka, mahali mto Koma unapojikunja kama mfuko wa kamba, ambako inasemekana yapo milioni tano. Hufunguka karibu na siku ambazo mchana na usiku hulingana, yakiwa hayana jani hata moja. Majani huja baadaye, maua yakishakufa. Katika Japani mmea huo hautoi mbegu, kwa hiyo kila mahali ulipo palihitaji kitunguu kufika, kwa mkono wa mtu au kwa maji ya mto. Wakulima waliupanda kwenye kingo za majaruba na makaburini kwa sababu una sumu, na fuko hapendi kuchimba penye sumu. Kilichonifurahisha pale Kinchakuda ni simulizi ya asili ya umaarufu wake: watu walifyeka vichaka kwenye kingo za mto, na maua yakajitokeza yenyewe. Nilipomsimulia Kaicho hakushangaa hata kidogo, alisema tu, "Naam," akaendelea kunoa mundu.

Kuna jambo moja sikumwambia mtu. Machipuko ya 2016, kwenye msitu wetu, nilichagua katakuri mmoja wa jani moja chini ya mwaloni wenye kisiki cha matawi matatu, nikachomeka kijiti cha kulia wali pembeni yake, na nikaupima urefu wa jani kwa rula ya maabara: sentimita sita na nusu. Mwaka 2017 lilikuwa saba. Mwaka 2018 kijiti kilikuwa kimeoza, nikaweka kingine, jani saba na nusu, upana umeongezeka. Nilipaswa kuondoka Aprili 2019, tiketi ikiwa mkononi, na Jumamosi ya mwisho ya Machi nilikwenda kuaga kikundi. Siku hiyo mteremko ulikuwa umefunguka karibu wote, watu kutoka mjini walikuwa wamepanga mstari nyuma ya kamba, na mimi, ambaye sasa nilikuwa na kitambaa cha mkononi cha walinzi, nilikuwa nawaelekeza wasivuke. Wageni walipopungua nilikwenda kwenye mwaloni wangu. Jani lilikuwa moja. Lilikuwa na sentimita tisa.

Kaicho alikuja akasimama nyuma yangu, akakiona kijiti, akajua. Aliuliza ni la mwaka gani, nikamwambia. Alichuchumaa, akaondoa jani kavu la mwaloni lililokuwa limeufunika ukingo wake, akasema huenda bado mawili, au matatu. Kisha akaniuliza kama kwetu kuna ua la kungojewa namna hiyo. Nikamwambia juu ya Kitulo, kwamba zipo aina kadhaa za okidi, kwamba huchanua wakati wa mvua, na kwamba sijawahi kwenda. Alinitazama kama alivyonitazama siku ile nilipokuwa nimelala upande usio wangu wa kamba. "Ni mbali na kwenu?" aliuliza.

Nilimjibu kweli: kwa basi, nusu siku.

Akatikisa kichwa, akanyanyuka kwa kujishika magoti, akaniambia chai imeshamiminwa.